Tuko Nyuma ya Msikiti

Jumatano, 12 Juni

Mume wangu,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Tangu jana mtandao umekatwa mji mzima, na wanasema hautarudi mpaka hali itulie. Nimempata dereva wa lori la maziwa, yule anayepita hapo nyumbani kila alfajiri. Askari wanamruhusu kuingia na kutoka kwa sababu ya hospitali, na amekubali kuwa posta yetu. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Tuko salama, hilo ndilo la kwanza. Ziara ilikuwa inakwenda vizuri. Makanisa yote ya njiani tuliyaona, tukaimba, tukapiga picha kama watalii. Jana tukaingia mjini kuliona Kanisa Kuu, ambalo ndilo akina mama walikuwa wakilisubiri safari nzima. Tumeliona kwa nje tu. Kulikuwa na fujo kidogo sokoni, kanisa likafungwa, na basi letu likapata hitilafu, ikabidi tutafute pa kulala. Tumepata watu wema papo hapo karibu. Tuna chumba kikubwa, magodoro na maji.

Mama Fundi ana uchovu kidogo, amejilaza. Mwambie mwanawe asiwe na wasiwasi, mdomo wa mama yake haujachoka hata kidogo.

Wasomee washirika barua hii, akina baba wajue wake zao ni wazima. Na yule mtoto wetu mdogo asikudanganye kwamba mimi humruhusu kulala na viatu.

Mkeo


Alhamisi, 13 Juni

Mama watoto,

Barua niliipata, na jana jioni niliisoma kanisani. Watu walishangilia. Mimi sikushangilia, na nitakuambia kwa nini.

Hao watu wema ni akina nani? Umesahau kwamba nilisoma chuo cha Biblia katika mji huo. Kulia kwa Kanisa Kuu kuna benki, kushoto kuna polisi, nyuma kuna soko, na ng'ambo ya soko kuna msikiti. Hakuna mshirika wetu anayeishi hapo. Kama ni nyumba ya wageni, niambie ni ya nani. Kama siyo, niambie pia.

Basi limepata hitilafu gani? Na dereva yuko wapi? Umemtaja wa maziwa, wa kwetu hukumtaja.

Redioni wanasema kuna kijana ameuawa kwa ajili ya dini yake. Ni wa dini gani, kila redio ina jibu lake. Hapa nyumbani watu wameanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Muuza viatu, jirani yetu, jana alinisalimia na mimi nikaitikia kwa mkato kwa sababu watu walikuwa wakitutazama. Unaujua msimamo wangu. Sijawahi kuwaruhusu washirika kuingia katika nyumba za ibada za wengine, na sitaki iwe mke wangu ndiye wa kwanza.

Ondokeni mara mkipata barua hii. Nendeni bwenini chuoni, mwambieni mlezi nimewatuma mimi.

Fundi alikuja asubuhi. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni na nguo zake za kazi zenye matundu ya cheche, akaniuliza, "Mchungaji, mama anachokaje? Mama huyu aliyepanda juu ya paa wiki jana kuziba bati?"

Mumeo


Ijumaa, 14 Juni

Mume wangu,

Keti kwanza, halafu usome.

Tuko nyuma ya msikiti. Tumo ndani ya nyumba ya Imamu mwenyewe, kwenye ukumbi ambao mke wake hufundishia wasichana kushona. Tumelala katikati ya cherehani. Nilijua utasemaje, ndiyo maana niliandika nilivyoandika.

Basi halikuharibika. Lilipigwa mawe. Tuliposhuka mbele ya Kanisa Kuu na sare zetu na misalaba yetu, umati ulikuwa unatoka sokoni. Sikuelewa wanakimbia nini au wanamkimbiza nani. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mbele, na dereva wetu akaruka dirishani akatokomea. Hatujamwona tena. Mama Fundi alikuwa wa mwisho kushuka. Jiwe lilimpata kichwani, akaangukia mkono. Damu ilikuwa nyingi. Tulimburuta tukikimbia bila kujua tunakwenda wapi, mpaka geti moja likafunguka, mikono ikatoka ikatuvuta ndani mmoja mmoja, kama watu wanaotoa nguo kwenye kamba mvua ikianza. Geti likafungwa. Ndipo nikaona minara juu ya kichwa changu.

Mkono wa Mama Fundi umevunjika. Kichwa kimeshonwa na mkwe wa Imamu, ambaye ni muuguzi. Anakula, anasema, analalamikia chai. Nakuomba usimwambie mwanawe bado. Unajua alivyo, hasira yake iko karibu kuliko akili yake. Nikifika naye mzima, atamwona kwa macho yake.

Chuoni hatuwezi kwenda. Leo baada ya swala ya Ijumaa wanaume kadhaa walikuja getini. Tuliwasikia vizuri sana, dirisha letu liko pale pale.

"Imamu, tunasikia una wageni."

"Ninao."

"Ni wale wa basi?"

"Ni wageni wa mke wangu. Mwulizeni yeye."

Mke wake akatoka na mkasi wa kukatia vitambaa mkononi. Akasema, "Nani anauliza? Wewe? Mama yako anajua uko hapa? Ngoja nivae, twende wote tukamwulize." Wakarudi nyuma. Lakini mmoja akasema, "Tutakuja tena, Imamu, na hatutakuja kuuliza." Mwanamke yule alipoingia ndani alirudia kufunga komeo mara tatu.

Nisamehe. Usiwaambie kanisani tuliko. Sema tu tuko salama.

Mkeo


Jumamosi, 15 Juni, alfajiri

Mke wangu,

Mambo yameharibika, na tumeyaharibu sisi wawili.

Barua yako ya jana niliipata jioni. Nilikasirika, sikufichi. Halafu nikafanya ulivyoniomba. Nilisimama mbele ya washirika nikasema mko salama, Mama Fundi anapumzika, Mungu ni mwema. Kabla sijamaliza, dereva wa basi akaingia kanisani. Miguu imemvimba, shati limechanika. Amefika kwa kudandia malori na kutembea. Akasema mbele ya watu wote, "Mchungaji, unasema nini? Mimi nilimwona Mama Fundi akianguka na damu. Nilijificha chini ya meza ya muuza vitunguu, nikawaona akina mama wakivutwa kwa nguvu ndani ya geti la msikiti, wakilia, na geti likafungwa."

Si mwongo. Ndivyo ilivyoonekana kutoka chini ya ile meza.

Nikatoa barua yako nikaisoma yote. Nilidhani ukweli utawatuliza. Fundi akauliza, "Ile ya kwanza si ilisema uchovu? Hii inasema kichwa kimeshonwa. Ya kesho itasema nini?" Mtu mwingine akapaza sauti kwamba unaandikishwa kwa kisu shingoni. Tangu hapo kila neno lako zuri juu ya watu wale ni ushahidi kwamba umelazimishwa. Nami wananiita mfichaji, na siwezi kuwabishia.

Fundi anaamini mama yake amekufa. Jana karakana yake haikufungwa. Anakata nondo vipande vipande, na vijana wanapanga foleni kuchukua. Wanasema kesho baada ya ibada watakwenda kwenye msikiti wa hapa kwetu. Polisi wetu wote wamepelekwa huko mjini.

Hawataamini mwandiko wako tena. Mama Fundi kama yu hai na ana sauti, aseme yeye. Aseme neno ambalo hakuna mtu wa kumwandikia angeweza kulibuni. Lifike kabla ya kesho.

Na kama hayu hai, niambie. Mimi angalau niambie.

Mumeo


Jumamosi, 15 Juni

Wewe mtoto,

Naandikiwa na Mama Mchungaji kwa sababu mkono wa kulia umefungwa kama mtoto mchanga. Maneno ni yangu. Nimemwambia akibadilisha hata moja nitamfinya kwa wa kushoto.

Nasikia nimekufa. Asante kwa taarifa. Nasikia pia unakata nondo. Zile nondo ni za lango la shule, ulishalipwa nusu, utawaambia nini walimu?

Unataka ushahidi. Haya. Wewe mwenye mabega mapana hivyo, unayetisha vijana wenzako, unaogopa kuku. Si majogoo tu, hata vifaranga. Ndiyo sababu hunitembelei jioni mpaka niwe nimewafungia. Nimekutunzia siri hiyo tangu ulipodonolewa kwenye kitovu, na leo naitoa kwa sababu umenilazimisha. Ushahidi wa pili. Siku tuliyomzika baba yako, ulikataa kutupa udongo. Ulinishika kidole, ukaniambia sikioni, "Mama, tukimfunika atapumuaje?" Hakuna aliyesikia ila mimi. Sijamwambia mtu mpaka dakika hii, na Mama Mchungaji ameacha kuandika kidogo, anafuta macho.

Sasa sikiliza. Jiwe lililonipiga lilirushwa na mtu. Sijui jina lake wala dini yake, nilikuwa nimempa kisogo. Mwanamke aliyenivua nguo zenye damu namjua. Amenilisha uji kwa kijiko, na mimi si mgonjwa mzuri, unajua. Nilimwambia uji wake mwepesi. Akaenda akapika mwingine.

Ukimgusa mtu wa hapo kwetu kwa jina langu, usije kunipokea. Nitashuka kwenye basi nipite kama sikujui. Nimekuzaa kwa shida, sitaki kukukataa kwa urahisi, lakini nitaweza.

Weka chini hicho chuma.

Mama yako, mzima


Jumamosi, 15 Juni

Mume wangu,

Barua ya Mama Fundi nimeifunga pamoja na hii. Dereva wa maziwa anasema kizuizi cha kutokea mjini kimefungwa tangu asubuhi, hajui watamwachia lini. Imamu amekwenda naye mwenyewe kuzungumza na askari. Ametoka kwa miguu, amevaa kanzu yake, mtaa ukiwa kimya kabisa. Mke wake amekaa kwenye cherehani, anakanyaga, na hakuna kitambaa chini ya sindano.

Wale watu wamerudi. Wamepaka rangi getini, msalaba mkubwa mwekundu, ili kila mtu ajue tumo ndani. Wasichana wa nyumba walitaka kwenda kuufuta, mama yao akawakataza wasitoke.

Niliandika uchovu kidogo ili usikasirike. Neno dogo hivyo.

Kama barua itachelewa, fanya utakaloweza. Sikuagizi.

Mkeo


Jumatatu, 17 Juni

Mke wangu,

Barua zimefika. Zimechelewa, lakini zimefika. Nikueleze kwa mpangilio, samahani kwa mwandiko, ninaandika kwa haraka.

Jana lori halikuja asubuhi. Nilihubiri nikiangalia dirishani. Nilipofika kwenye sala ya mwisho, viti vya vijana vilikuwa vitupu. Nilitoka kwa mlango wa vestri, nyuma ya mimbari, nikakatiza kwa uchochoro wa mashine ya kusaga, nikafika msikitini kabla yao. Muuza viatu alikuwa anavuta mlango wa duka lake lililo mbele pale. Nikamsaidia kufunga kufuli. Akaniuliza, "Mchungaji, umekuja na wao?" Nikamwambia nimekuja peke yangu. Nikaketi kwenye ngazi ya msikiti, nje ya mlango. Akaketi na yeye.

Nataka ujue kwamba nilipoketi pale nilikuwa sijui kama uko hai. Wala sikujisikia jasiri. Nilikuwa nakuombea wewe, halafu nasahau maneno, naanza upya.

Wakaja. Fundi mbele.

"Mchungaji, ondoka. Sina ugomvi na wewe."

"Njoo ukae basi."

"Mama yangu yuko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuambia najua, na nilikuwa sikuambii yote. Sasa nakuambia sijui."

"Kwa hiyo unakaa na hawa?"

"Nakaa. Ukitaka kupita, utanipita mimi."

Hapo kukawa na vurugu. Wengine walizunguka upande wa pili wakawasha moto duka la viatu. Liliungua lote, mke wangu, na harufu ya ngozi na mpira iko mpaka leo katika nguo zetu. Muuza viatu aliangalia tu. Hakunyanyuka pale ngazini.

Lori likaja moto ukiwa juu. Dereva alishuka amekwisha kuelewa, akapita katikati ya watu ameinua bahasha, anapiga kelele, "Barua ya mama yake! Barua ya mama yake!" Fundi hakutaka kuishika. Mwalimu wa kwaya akaifungua akasoma kwa sauti. Kwenye habari ya kuku kuna mtu alicheka, halafu akaacha. Alipofika kwenye maneno ya kaburini, Fundi alimnyang'anya karatasi, akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. Kisha akakaa chini barabarani kama mtu aliyekatwa miguu.

Wakaondoka mmoja mmoja. Msikiti umesimama. Hakuna aliyekufa.

Redio inasema barabara inafunguliwa kesho. Waambie Imamu na mkewe... Sijui uwaambie nini. Utajua ukiwa mbele yao. Mengine tutaongea ukifika.

Mumeo


Alhamisi, 27 Juni

Dada yangu mpendwa, mke wa Imamu,

Tulifika salama; askari aliowaleta Imamu walitusindikiza mpaka kizuizini. Mama Fundi anakusalimu, na anasema uji wa kwako mzito ulikuwa mzuri. Hajawahi kumwambia mtu maneno hayo, kwa hiyo yatunze.

Ulinisihi nikuandikie ukweli, si salamu tu. Basi nakuandikia.

Niliposhuka kwenye basi, mume wangu alinipokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa kifuani. Mfupa wa bega ulivunjwa siku ile ya Jumapili, kwa nondo. Barua yake niliyokusomea pale ukumbini, nikasema mwandiko umekuwa mbaya kwa haraka, aliiandika kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza nani alipiga. Akasema kulikuwa na vurugu. Nimeuliza mara nyingi, jibu ni lile lile. Lakini nimemwona Fundi akivuka barabara asikutane na mume wangu, na sihitaji kuuliza tena.

Jambo la pili. Wazee wa kanisa wamemsimamisha. Wanasema alikaa mlangoni mwa msikiti siku ya ibada akawaacha vijana wake, na kwamba mimi niliwalaza akina mama huko. Walikuja sebuleni kwetu wakiwa na barua iliyopigwa chapa. Mume wangu aliisoma, akauliza kama wanakunywa chai. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao kuhama nyumba ya kanisa.

Nilidhani atanilaumu. Neno langu dogo la uongo ndilo lililowasha mengi. Tulipobaki peke yetu nikamwambia hivyo. Akasema, "Uliniogopa. Ndilo linalonisumbua, si lile neno." Dada, tumeishi miaka mingi pamoja na hatujawahi kuzungumza kama siku ile.

Alikwenda kwa muuza viatu. Nami nikaenda. Tulikuta amekaa nje kwenye majivu yake, anachagua pete na vifungo vya chuma vilivyobaki. Mume wangu akaanza kusema pole. Yule mzee akasema, "Mchungaji, leo siwezi kuongea na mtu wa kanisani kwako. Hata wewe. Njoo siku nyingine." Tukaondoka. Tutakwenda siku nyingine.

Jumapili iliyopita hatukuwa na pa kwenda kusali. Tukavuta viti sebuleni, sisi na watoto. Kisha mlango ukagongwa, akaingia Mhazini wetu, yule aliyekuvunjia sindano ya cherehani. Wakaingia wengine, karibu wote wa ule ukumbi wako. Wengine waume zao wamewakataza, wakaja hivyo hivyo. Mama Fundi alikalia kiti kizuri kuliko vyote bila kuulizwa.

Katikati ya wimbo nikamwona Fundi nje ya dirisha. Mvua ilikuwa inanyesha. Amesimama karibu na ukuta, hakubisha hodi, hakuondoka. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Nikanyanyuka nikamfungulie. Mume wangu alikuwa amekwisha fika mlangoni kabla yangu. Akaufungua kwa mkono wake mzima, akauacha wazi, akarudi kukaa. Hakumwita.

Tukaendelea kuimba, baridi inaingia. Watoto wakalalamika, nikataka kufunga. Mama Fundi hakugeuka hata kumtazama mwanawe.

"Uache wazi," akasema. "Akichoka kulowa, ataingia."

Wako,
Mama Mchungaji